Kazi ya Wiki Tatu: Kusimamia Mradi Mfupi kati ya Mteja na Mtaalamu wa Kujitegemea

Mradi mfupi wa kujitegemea ni kazi yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, inayofanywa kwa malipo na mtu ambaye si mwajiriwa wa yule anayemlipa. Tafsiri ya kitabu cha mwongozo, tovuti ya kampuni ya utalii, picha za ripoti ya mwaka, nembo ya duka: kazi za namna hii huchukua siku au wiki chache, kisha kila upande hushika njia yake. Ufupi huo ndio unaozifanya ziwe ngumu kusimamia. Mradi wa miaka miwili ukianza vibaya, bado una miezi ya kujirekebisha. Mradi wa siku 15 za kazi ukipoteza siku nne za mwanzo, zaidi ya robo ya muda wake imekwenda na hairudi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya usimamizi wa kazi fupi hufanyika kabla kazi haijaanza. Jambo lisilosemwa mwanzoni ndilo hugombewa mwishoni, na mara nyingi wanaoligombea ni watu wawili waaminifu, kila mmoja akikumbuka makubaliano kwa namna yake.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hatua zote. Shirika la afya mjini Dodoma linataka mwongozo wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ufasiriwe kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Mwongozo una maneno 12,000. Mafunzo ya wahudumu yanaanza baada ya wiki tano, na wiki mbili za mwisho ni za kusanifu kurasa na kuchapa. Mfasiri wa kujitegemea, anayefanyia kazi nyumbani kwake Morogoro, amebakiwa na wiki tatu.

Hadidu za rejea

Hatua ya kwanza ni kuandika kazi yenyewe ni ipi. Sentensi "kufasiri mwongozo" haitoshi. Hadidu za rejea za kazi hii zinapaswa kujibu maswali machache kwa uwazi: maneno ni mangapi na yamehesabiwa katika matini chanzi au katika tafsiri, matini chanzi iko katika faili linaloweza kuhaririwa au ni kurasa zilizopigwa picha, msomaji ni nani na ana kiwango gani cha elimu, tafsiri itatumika Tanzania peke yake au itavuka hadi Kenya na Kongo, na nani atasema kwamba kazi imekubaliwa.

Swali la hesabu ya maneno linaonekana dogo, lakini lina uzito wa fedha. Matini ya Kiingereza na tafsiri yake ya Kiswahili hazilingani kwa idadi ya maneno, kwa kuwa kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani yake. Pande mbili zisipotaja hesabu inafanyika wapi, ankara itakuja na tarakimu ambayo mteja hakuitarajia, au mfasiri atalipwa pungufu ya alichodhani. Hali ya faili nayo ina gharama yake. Kurasa zilizopigwa picha zinahitaji kuchapwa upya au kupitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi kisha kusahihishwa, na majedwali ya dozi za dawa yanaweza kula siku nzima kabla neno la kwanza halijafasiriwa.

Hadidu nzuri husema pia kisichohusika. Kama usanifu wa kurasa, maelezo ya ndani ya michoro na usomaji wa prufu baada ya kurasa kupangwa havimo, iandikwe hivyo. Vikiwemo, viwekewe bei na muda. Msanifu wa kurasa asiyejua Kiswahili vizuri anaweza kulikata neno mahali pabaya mwishoni mwa mstari, au kubandika maelezo ya mchoro mmoja chini ya mwingine. Ikiwa hakuna aliyepewa jukumu la kuliona kosa hilo, kitabu kitachapwa nalo, na lawama itamwangukia mfasiri.

Kalenda ya pande mbili

Makosa mengi ya ratiba hutokana na kuhesabu siku za mtaalamu na kusahau siku za mteja. Mfasiri mzoefu anayefanya kazi makini hukamilisha takriban maneno 2,000 kwa siku katika matini ya kitaalamu. Maneno 12,000 ni siku sita za kufasiri. Hapo haijahesabiwa siku ya kuandaa orodha ya istilahi, siku ya kutoa sampuli, siku mbili za mfasiri kupitia kazi yake mwenyewe, siku tatu za mhakiki wa shirika kusoma, siku ya kuingiza marekebisho na siku ya makabidhiano. Jumla ni siku 15, na hakuna hata moja ya akiba. Kalenda ya aina hii inaonyesha mapema jambo ambalo maneno matupu huficha: mhakiki akikaa na rasimu siku sita badala ya tatu, kazi haitaisha kwa wakati hata mfasiri akikesha.

Ndiyo maana tarehe za mteja huandikwa kwa uzito uleule wa tarehe za mtaalamu: faili la mwisho litafika lini, istilahi zitaidhinishwa lini, maoni yatarudi lini. Kanuni ya haki ni kwamba siku inayopotezwa na upande mmoja husogeza mbele tarehe ya upande wa pili kwa siku ileile. Kama tarehe ya mwisho haiwezi kusogezwa kwa sababu mafunzo yameshatangazwa, kinachopunguzwa ni kazi. Kwa mfano, sura zinazofundishwa wiki ya kwanza hukabidhiwa kwanza, na viambatisho hufuata baadaye.

Mteja akiona tarehe inamkimbia, hupata kishawishi cha kuongeza mtu. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyesimamia uundaji wa programu kubwa za kompyuta katika kampuni ya IBM, aliandika kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni wanahitaji kufundishwa na mawasiliano yanaongezeka. Katika tafsiri hali ni hiyohiyo. Mfasiri wa pili akiingia siku ya kumi, ataandika "kuhara" mahali mwenzake alipoandika "kuharisha", na mhakiki atatumia muda uliookolewa kulinganisha sura kwa sura. Watu wawili wakihitajika, waanze pamoja wakiwa na orodha moja ya istilahi.

Bei na awamu za malipo

Kazi fupi hulipwa kwa njia tatu kuu. Malipo ya jumla hufaa kazi ambayo mipaka yake inajulikana. Malipo kwa kipimo, kama neno, ukurasa au picha, hufaa kazi inayoweza kukua au kupungua. Malipo kwa saa au kwa siku hufaa kazi ambayo hakuna anayeweza kuikadiria mapema, kama kutafuta hitilafu katika mfumo wa kompyuta. Kila njia humtwisha mmoja hatari. Katika malipo ya jumla, kazi ikikua anayeumia ni mtaalamu. Katika malipo kwa saa, kazi ikikokota anayeumia ni mteja. Kuijua hatari hiyo mapema huwasaidia wote wawili kuigawana, kwa mfano kwa kuweka kikomo cha saa ambacho hakivukwi bila idhini ya maandishi.

Katika mfano wa Dodoma, bei ikiwa shilingi 150 kwa neno, ankara yote ni shilingi 1,800,000. Mgawanyo wa kawaida na wa haki ni asilimia 30 wakati wa kusaini, asilimia 40 rasimu kamili inapofika, na asilimia 30 kazi inapokubaliwa, yaani 540,000, kisha 720,000, kisha 540,000. Malipo ya awali humthibitishia mfasiri kwamba fedha ipo, na humruhusu kukataa kazi nyingine kwa wiki hizo tatu. Sehemu ya mwisho humpa mteja uhakika kwamba marekebisho yatafanyika. Anayedai yote kabla ya kuanza na anayeahidi yote baada ya kumaliza wanafanya kosa lilelile: wanauachia upande mmoja hatari yote.

Kodi isemwe kabla ya kusaini. Tanzania na Kenya, mlipaji wa huduma za kitaalamu kwa mkazi anaweza kuwajibika kukata kodi ya zuio, na kiwango cha kawaida ni asilimia 5. Kwenye shilingi 1,800,000 ni shilingi 90,000, na mfasiri hupokea 1,710,000. Fedha hiyo haijapotea, kwa kuwa huhesabiwa katika kodi anayodaiwa mwaka ukifika, ila anahitaji cheti cha makato kuthibitisha. Mteja asiyetoa cheti amemlipisha mtaalamu kodi mara mbili. Kwa upande wake, mtaalamu asiye na namba ya mlipakodi, yaani TIN nchini Tanzania au PIN ya mamlaka ya mapato (KRA) nchini Kenya, humkwamisha mhasibu, na malipo yake hukaa mezani hata kama kila mtu ameridhika na kazi. Gharama za kutuma fedha, iwe kwa benki ya nje au kwa simu, nazo zitajiwe mlipaji.

Kwa wasiofahamiana, hasa walio nchi tofauti, majukwaa ya mtandaoni hushika fedha katikati. Upwork, kwa mfano, humtaka mteja aweke fedha ya hatua husika kabla kazi ya bei maalumu haijaanza. Mtaalamu akiwasilisha kazi, mteja ana siku 14 za kuipitia, na asipofanya lolote fedha huachiliwa. Ulinzi huo una ada, na unafanya kazi kwa aliyegawa mradi wake katika hatua zinazoeleweka tu.

Mkataba na sheria

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inayatambua makubaliano kuwa mkataba pale yanapofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Makubaliano ya mdomo kuhusu kazi kama hii yanaweza kuwa mkataba kamili. Tabu ni kuyathibitisha, na hapo usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari unatimia. Maandishi si lazima yawe waraka wenye mihuri. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba inayofanyika kwa njia ya kielektroniki, hivyo barua pepe mbili, moja ya pendekezo na nyingine ya kukubali, zina nguvu. Kurasa mbili zenye hadidu za rejea, kalenda, bei, awamu za malipo, hakimiliki na njia ya kuvunja mkataba zinatosha kwa kazi ya wiki tatu.

Mkataba huo pia unapaswa kulinda mpaka kati ya kazi ya kujitegemea na ajira. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa iwapo moja kati ya mambo kadhaa lipo: kudhibitiwa namna anavyofanya kazi au saa zake, kuwa sehemu ya taasisi, kumfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kumtegemea kiuchumi, kupewa vifaa vya kazi, au kutomhudumia mwingine yeyote. Mteja anayemtaka mfasiri wake aripoti ofisini saa mbili asubuhi, atumie kompyuta ya shirika na asichukue kazi nyingine, anajenga uhusiano wa ajira huku akiuita huduma. Kazi ikiwa kweli ni ya kujitegemea, mteja hudai matokeo na tarehe, na humwachia mtaalamu namna ya kuifanya.

Mawasiliano na mabadiliko

Kazi ikishaanza, usimamizi unageuka kuwa mawasiliano, na kanuni yake ya kwanza ni msemaji mmoja kila upande. Rasimu ikipelekwa kwa watu watano wa shirika, itarudi na maoni yanayopingana: daktari anataka istilahi ya kitaalamu, mratibu wa jamii anataka neno la kijijini, mkurugenzi anataka sentensi fupi. Kupatanisha maoni hayo ni kazi ya mteja, kwa sababu ni yeye anayejua nani ana kauli ya mwisho. Mfasiri apokee faili moja lenye maoni yaliyokwisha kuamuliwa.

Kanuni ya pili ni kuonyesha kidogo mapema. Siku ya pili ya kazi ya Dodoma, mfasiri hutuma kurasa tatu zilizokamilika pamoja na orodha ya istilahi. Hapo ndipo huamuliwa, kwa mfano, kama kumpeleka mgonjwa kituo kikubwa kutaitwa "rufaa", neno lililozoeleka katika hospitali za Tanzania, au kutaelezwa kwa maneno marefu zaidi kwa ajili ya mhudumu mpya. Uamuzi ukifanyika katika kurasa tatu, kuubadilisha huchukua dakika chache. Ukifanyika siku ya kumi na tatu, kila sura hufunguliwa upya, na neno lenye ngeli tofauti huvuta vivumishi na vitenzi vyote vinavyolizunguka.

Kanuni ya tatu inahusu mabadiliko, na hapa ndipo urafiki mwingi wa kikazi huvunjika. Mteja huomba jambo dogo, kisha lingine dogo, na hakuna hata moja linaloonekana kustahili malipo. Jumla yake ni siku mbili za kazi ya bure. Dawa ni kutenganisha marekebisho na nyongeza. Marekebisho ni kusahihisha kilichomo katika hadidu, na duru mbili zilizojumuishwa katika bei zinatosha. Nyongeza ni kitu kipya: sura iliyoongezwa, matini chanzi iliyobadilishwa baada ya kufasiriwa, tangazo la redio lililotokana na mwongozo. Nyongeza hujibiwa siku hiyohiyo kwa ujumbe mfupi wenye mambo matatu: kinachoongezwa, bei yake, na siku itakazoongeza. Kazi yake huanza baada ya mteja kuandika kwamba amekubali. Utaratibu huu unamlinda mteja pia, kwa sababu humwonyesha gharama ya kila wazo kabla halijatekelezwa.

Mtaalamu naye ana wajibu wa kusema mapema. Akiugua, umeme ukikatika siku mbili au akigundua kwamba alikadiria vibaya, habari hiyo ina thamani kubwa siku inapotokea. Mteja akiipata siku ya sita, anaweza kumpanga upya mchapaji. Akiipata siku ya kumi na tano, hana la kufanya.

Makabidhiano na hakimiliki

Kazi haimaliziki kwa kutuma faili. Humalizika mteja anapokubali, na kukubali kunahitaji kipimo kilichoandikwa. Kwa tafsiri, vipimo vinaweza kuwa hivi: hakuna sehemu iliyoachwa, tarakimu zote za dozi zinalingana na matini chanzi, istilahi zinafuata orodha iliyoidhinishwa, na maoni ya duru ya mwisho yameingizwa au yamejibiwa. Mhakiki anaweza kupenda neno lingine, lakini ladha yake peke yake si sababu ya kuzuia malipo. Mkataba useme pia kwamba mteja asipotoa maoni ndani ya siku zilizotajwa, kazi inahesabiwa kuwa imekubaliwa, ili ukimya usimnyime mtu haki yake.

Vinavyokabidhiwa viorodheshwe. Katika tafsiri ni faili la mwisho, orodha ya istilahi na, kama ilikubaliwa, kumbukumbu za tafsiri. Katika tovuti ni nywila zote, faili za usanifu na jina la tovuti lenyewe. Jina hilo lisajiliwe kwa jina la mteja tangu siku ya kwanza, iwe ni .tz au .ke. Mteja ambaye tovuti yake imesajiliwa kwa jina la fundi anaweza kujikuta hana pa kwenda fundi akihama au wakikosana.

Hakimiliki huhitaji sentensi iliyo wazi kwa sababu sheria za nchi hazilingani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1988, mtaalamu asiye mwajiriwa ndiye mmiliki wa kwanza, na kuihamisha kunahitaji maandishi yenye saini yake. Mfasiri wa Morogoro akihudumia wateja wa Nairobi na London, kazi mbili zinazofanana zinaweza kuwa na wamiliki tofauti kwa sababu ya ukimya wa mkataba. Njia salama ni kuandika kwamba haki za kiuchumi zinahamia kwa mteja malipo ya mwisho yanapolipwa, na kwamba jina la mfasiri litatajwa katika ukurasa wa taarifa za uchapishaji.

Malipo yanapochelewa na kazi inapovunjika

Kuchelewesha malipo ni dhuluma iliyozoeleka mno, kiasi kwamba wengi huiona kama sehemu ya biashara. Baadhi ya nchi zimeacha kuivumilia. Tangu Mei 2017, sheria ya Jiji la New York inataka kazi ya kujitegemea yenye thamani ya dola 800 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kama tarehe ya malipo haikutajwa, mtaalamu alipwe ndani ya siku 30 baada ya kukamilisha kazi. Jimbo lote la New York lilifuata mwaka 2024. Uingereza, sheria ya mwaka 1998 inaruhusu biashara kutoza riba ya asilimia 8 juu ya kiwango cha Benki ya Uingereza kwa deni lililochelewa. Mahali ambapo hakuna sheria ya namna hiyo, mkataba wenyewe unaweza kutaja siku 14 au 30 na nyongeza ya wastani kwa kila mwezi wa kuchelewa.

Deni likipita tarehe, hatua zifuatane kwa utulivu: ukumbusho wenye nakala ya ankara, simu kwa mhasibu badala ya ofisa wa mradi, kisha barua rasmi ya madai yenye tarehe ya mwisho. Mahakama hubaki kuwa njia ya mwisho, lakini si njia ya matajiri peke yao. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya na inayotakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Tanzania, mahakama za mwanzo husikiliza madeni yanayotokana na mikataba ya viwango vidogo. Kote kuwili, mwenye hadidu za rejea, ujumbe wa kukubali na tarehe ya makabidhiano ana nafasi kubwa kuliko mwenye malalamiko matupu.

Kazi nyingine huvunjika katikati bila kosa la mtu: mfadhili anajitoa, mradi unafutwa. Kifungu cha kuvunja mkataba kiseme taarifa ni ya siku ngapi na kilichofanyika kinalipwaje. Katika mfano wa Dodoma, shirika likisitisha mfasiri akiwa na maneno 7,000, linalipa shilingi 1,050,000 kwa maneno hayo, ikitolewa fedha ya awali, na linapokea rasimu ilipofikia.

Baada ya malipo ya mwisho hubaki mambo matatu. Mtaalamu hufuta au kurudisha taarifa za wagonjwa na wafanyakazi alizokabidhiwa, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania au Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya. Mteja humwandikia barua fupi ya kuthibitisha kazi iliyofanyika, ambayo kwa mtu asiye na mwajiri ndiyo cheti chake cha utumishi. Pande zote mbili zihifadhi mkataba, ankara, risiti na cheti cha makato kwa angalau miaka sita, kwa kuwa huo ndio muda ambao sheria za Kenya na Tanzania huruhusu madai ya mkataba kufunguliwa.